Maneno 75 Kuhusu Jua: Kisa cha Karatasi ya Kura ya Florida

Mwanzoni mwa Oktoba 2016 nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani aliyehamia Marekani, akapata uraia huko na kufanya maskani katika jimbo la Florida. "Shikamoo, Mwalimu," aliandika. "Nimeletewa karatasi ya kura kwa posta. Wagombea nawajua. Lakini huku chini kuna maswali ya katiba, na moja ni la umeme wa jua. Mwezi wa Agosti tulipiga kura nyingine ya sola, ikapita. Sijui kama hii ni mwendelezo wake. Nimelisoma swali mara tatu na sina hakika linaniuliza nini. Wewe ndiye uliyetufundisha ufahamu. Nisaidie." Aliambatisha picha ya sehemu hiyo ya karatasi.

Nililisoma swali mara moja tu. Nikaona "haki", nikaona "kumiliki", nikaona "jua" na "kulinda", nikamjibu kabla chai yangu haijapoa: "Marahaba, binti yangu. Wanataka kukupa haki ya kuweka sola kwenye paa lako. Hapo hakuna mjadala, weka ndiyo." Akaweka ndiyo, akatia karatasi kwenye bahasha, akaituma.

Wiki mbili baadaye alinitumia habari ya gazeti bila neno lolote la kwake. Nilipoimaliza nilijua kwamba nilikuwa nimemfasiria vibaya. Sisemi kwamba aliyelikubali pendekezo lile alikuwa mjinga na aliyelikataa mwerevu. Wapo waliolikubali kwa sababu walizozielewa vyema. Kosa langu ni kwamba nilimwambia andiko linasema jambo ambalo halikulisema. Kwa mtu aliyekula mshahara wa kufundisha ufahamu na ufupisho kwa zaidi ya miaka 30, hilo si kosa dogo. Tangu wakati huo nimekuwa nikifuatilia historia ya maneno yale, na leo naiweka mbele ya wapenzi wa lugha, kwa kuwa naamini ni kisa cha lugha kabla ya kuwa kisa cha umeme.

Umma wa mtu mmoja

Kisa chenyewe kinaanza mbali na mapaa ya nyumba. Kwa sheria ya Florida, yeyote anayeuza umeme "kwa umma" huhesabiwa kuwa mtoaji wa huduma ya umma, na hapo huangukia chini ya tume ya jimbo inayosimamia bei za umeme na wajibu wa wanaouuza. Katika miaka ya 1980 kampuni iitwayo PW Ventures ilikusudia kujenga mtambo wa umeme na kumuuzia mteja mmoja tu, kiwanda cha Pratt & Whitney. Swali likawa: je, kumuuzia mnunuzi mmoja ni kuuza "kwa umma"?

Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Florida ilijibu kwamba ndiyo. Mnunuzi mmoja anatosha kuwa umma. Sisi tuliolipokea neno hili kutoka Kiarabu tumezoea kulisikia likibeba watu wengi kwa pamoja: umma wa waumini, mali ya umma, vyombo vya umma. Umma wa mtu mmoja tungeuona kama kijiji cha nyumba moja. Lakini mahakama haikuwa ikicheza na maneno. Ilihofia kwamba kila mtu akiruhusiwa kumuuzia mteja mmoja mmoja nje ya usimamizi, wateja wakubwa wangeondoka, na gharama za mitambo na nyaya zingewaangukia waliobaki. Naomba msomaji aikumbuke hoja hiyo, kwa maana itarudi miaka 28 baadaye ikiwa imevaa nguo nyingine.

Tafsiri ile ya neno moja ilikuwa na matokeo makubwa. Katika majimbo mengi ya Marekani umeenea utaratibu ambapo kampuni hukufungia paneli za sola bila wewe kutoa pesa za kuanzia. Paneli hubaki mali yake, nawe hununua umeme unaotoka kwenye paa lako mwenyewe kwa uniti, kama unavyonunua wa kawaida. Florida ilikuwa miongoni mwa majimbo machache ambako utaratibu huo haukuruhusiwa, kwa sababu kampuni ya namna hiyo, hata ikiwa na mteja mmoja, ingekuwa imeuza kwa umma. Aliyetaka sola alilazimika kuinunua kwa pesa taslimu au kwa mkopo. Florida hujiita Jimbo la Jua, na jina hilo limeandikwa hata kwenye vibao vya magari yake. Hata hivyo, kufikia mwaka 2016, waliokuwa na paneli kwenye mapaa hawakufika mmoja katika kila wateja 100 wa umeme.

Malumbano ya majina mawili

Mwanzoni mwa 2015 liliundwa kundi lililojiita Floridians for Solar Choice, yaani watu wa Florida wanaotetea uhuru wa kuchagua sola. Lilikuwa kundi la ajabu kidogo: wanamazingira waliketi pamoja na wahafidhina wa mrengo wa Tea Party, ambao hoja yao haikuwa tabianchi bali soko huria na haki ya mtu juu ya mali yake. Walitaka katiba ya jimbo iruhusu mwenye mitambo midogo ya sola, isiyozidi megawati 2, kumuuzia umeme mteja aliye kwenye kiwanja hichohicho au jirani yake. Ili pendekezo la wananchi lifike kwenye karatasi ya kura ya 2016, zilihitajika saini halali 683,149.

Katikati ya mwaka uleule likatokea kundi la pili, Consumers for Smart Solar, yaani watumiaji wanaotetea sola ya busara. Nalo lilianza kukusanya saini kwa ajili ya pendekezo lake. Fedha zake zilitoka kwa sehemu kubwa katika kampuni kubwa za umeme za jimbo: Florida Power & Light, Duke Energy, Tampa Electric na Gulf Power. Hadi siku ya uchaguzi, kampeni hiyo ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 20.

Mpita njia aliyesimamishwa nje ya duka aliombwa saini "ya sola", na huenda kesho yake akaombwa tena na mtu mwingine. Kundi la kwanza halikufikisha idadi kwa uchaguzi ule. La pili lilifikisha. Pendekezo lake lilipoingia kwenye karatasi ya kura lilipewa namba 1 na kichwa ambacho kwa Kiswahili ningekifasiri hivi: "Haki za Watumiaji wa Umeme Kuhusu Uhuru wa Kuchagua Nishati ya Jua." Neno lililofunga kichwa hicho katika Kiingereza ni neno lilelile lililokuwa katika jina la wapinzani.

Washairi wanaijua mbinu hii. Katika malumbano, malenga huchukua neno au kina cha mwenzake na kumrudishia likiwa na maana iliyopinduka, na wasikilizaji humshangilia kwa hilo. Lakini malumbano yana kanuni isiyoandikwa: kila mmoja ukumbini anajua sauti inayosikika ni ya nani. Karatasi ya kura ya Florida haikuwa na jina la aliyeleta pendekezo. Ilikuwa na namba, kichwa, maelezo, na nafasi mbili za kutia alama.

Hapo ndipo niliposhikwa mimi. Uzoefu wangu wa kura ya maamuzi ulikuwa wa Kenya. Mwaka 2005 tulichagua kati ya ndizi na chungwa. Mwaka 2010 kati ya kijani na nyekundu. Alama zile zilikuwa za kitoto, ila kila ndizi ilikuwa na wahubiri wake na kila chungwa na wake, na hata asiyejua kusoma alijua ni nani anamwomba nini. Nilipoona andiko lisilo na msemaji, nilidhani msemaji ni serikali yenyewe, na kwamba imesema kwa uadilifu wa mtu asiye na upande.

Ufupisho uliojaa pomoni

Sheria ya Florida inaweka mizani yake. Kichwa cha pendekezo kisizidi maneno 15, na maelezo yake yasizidi maneno 75. Mwalimu yeyote wa Kiswahili nchini Kenya atatabasamu hapa, maana huu ndio ufupisho wetu wa mtihani: "kwa maneno yasiyozidi 75, eleza hoja kuu za mwandishi." Tena tulikuwa tukiwaambia watahiniwa kwamba ufupisho hupimwa kwa mambo mawili, kwamba usiongeze lisilokuwamo na kwamba usiache lililo kuu.

Nimeyahesabu maneno ya Kiingereza ya pendekezo lile. Ni 75 barabara: 27 katika sentensi ya kwanza na 48 katika ya pili. Hakuna pengo hata la kipande cha neno. Maana yake kwa Kiswahili ni hii:

"Marekebisho haya yanaweka katika katiba ya Florida haki ya watumiaji kumiliki au kukodi vifaa vya sola vilivyofungwa kwenye mali zao ili kuzalisha umeme kwa matumizi yao wenyewe. Serikali ya jimbo na serikali za mitaa zitaendelea kuwa na uwezo wa kulinda haki za watumiaji pamoja na afya, usalama na ustawi wa umma, na wa kuhakikisha kwamba watumiaji wasiochagua kufunga sola hawalazimishwi kubeba, kwa ajili ya waliofunga, gharama za umeme wa akiba na za kuunganishwa na gridi."

Sasa tulisome kama tusomavyo shairi, taratibu.

Kitenzi cha kwanza ni "yanaweka". Anayesikia kwamba haki inawekwa huelewa kwamba haikuwapo. Ukweli ni kwamba mtu wa Florida alikuwa tayari anaruhusiwa kununua paneli na kuzifunga kwenye paa lake; maelfu walikuwa wamekwisha kufanya hivyo. Ni kweli pia kwamba haki hiyo haikuwa imeandikwa ndani ya katiba. Kwa hiyo sentensi haisemi uongo. Inakupa zawadi uliyokuwa nayo mfukoni, ikiwa imefungwa kwa karatasi mpya.

Kisha kuna "kumiliki au kukodi". Vitenzi ni viwili, na katika mjadala wote wa Florida kitenzi kilichokuwa kikigombaniwa kilikuwa cha tatu: kuuziana. Hakimo. Zaidi ya hayo, andiko kamili la pendekezo, ambalo halikuwa kwenye karatasi ya kura, lilifafanua "kukodi" kuwa ni malipo ya vipindi yasiyobadilika kulingana na kiasi cha umeme unaozalishwa. Maana yake, ule utaratibu wa kulipa kwa uniti hukaa nje ya neno hilo. Lililo kuu limeachwa, na msomaji hana njia ya kuona nafasi lilipotolewa. Kitu kilichofutwa huacha doa. Kitu ambacho hakikuandikwa hakiachi chochote.

Sentensi ya pili ndiyo yenye uzito. "Hawalazimishwi kubeba gharama" ni kauli ya kukanusha iliyobeba dai ndani yake. Mwalimu akimwuliza mtoto, "Umeacha lini kuchelewa?", mtoto hana jibu la kumwokoa, kwa sababu swali limekwisha kumhukumu. Vivyo hivyo, anayeahidiwa kwamba hatalazimishwa kubeba gharama za jirani mwenye sola anaambiwa kimyakimya kwamba sasa anazibeba au atazibeba. Na hili ndilo hasa lililokuwa linabishaniwa.

Ubishi wenyewe si wa kudharauliwa. Tangu 2008 Florida ilikuwa na kanuni ya mita inayohesabu pande mbili: mchana paneli zinapozalisha ziada, umeme huenda kwenye gridi na mwenye nyumba hupunguziwa bili yake kwa kiasi hicho, usiku huchukua kutoka gridi kama wenzake. Kampuni za umeme zilisema kwamba mtu huyo bado anatumia nyaya, nguzo na mitambo ya akiba, ila bili yake ndogo haichangii vya kutosha kuvitunza, hivyo mzigo unahamia kwa jirani asiye na uwezo wa kununua paneli. Wenye sola walijibu kwamba umeme wao hutolewa mchana, wakati ambapo mahitaji ya viyoyozi ni makubwa, kwamba hausafiri mbali, na kwamba huipunguzia kampuni haja ya kujenga mitambo mipya. Kwa hiyo wanachangia kuliko wanavyochukua. Yapo mazingira ambamo upande huu una haki na mengine ambamo ni ule. Hilo huamuliwa kwa hesabu, na hesabu hubadilika. Pendekezo la 1 lingeliweka jibu la upande mmoja ndani ya katiba, na wapinzani walihofia kwamba jibu hilo lingetumiwa baadaye kuhalalisha ada maalumu kwa wenye sola au kuifuta ile mita ya pande mbili.

Wengine wataniuliza: mbona basi usiseme tu kwamba walidanganya? Kwa sababu sioni neno la uongo katika yale 75. Na hapo ndipo somo lilipo. Tumezoea kuutafuta udanganyifu ndani ya neno, kama tutafutavyo kokoto kwenye mchele. Huu ulikuwa katika mpangilio: jambo tamu na lisilo na ubishi likatangulia, jambo zito na lenye ubishi likafuata likiwa limefunikwa kwa maneno ya ulinzi, na la msingi likakosekana.

Majaji saba

Kabla ya kufika kwa wapiga kura, pendekezo lilipitia Mahakama ya Juu ya Florida. Kazi ya mahakama katika hatua hiyo si kupima kama pendekezo ni zuri, bali kama linahusu jambo moja na kama kichwa na maelezo yake havimpotoshi msomaji. Kwa maneno mengine, majaji hukaa kama wasahihishaji wa ufupisho. Mnamo Machi 2016 wanne walilipitisha na watatu walilipinga.

Jaji Barbara Pariente aliandika maoni ya kupinga ambayo ningependa yasomwe na kila mwanafunzi wa fasihi. Aliwatahadharisha wapenda sola kwamba pendekezo lile limejivika sura ya kuwatetea, ilhali linataka kuiweka hali iliyopo ndani ya katiba. Na kwamba kichwa kinazungumzia uhuru wa kuchagua mahali ambapo uchaguzi wa kweli haupo. Waliolipitisha nao hawakuwa vipofu. Walilipima andiko kwa kanuni za sheria, wakaona kwamba maelezo yanalingana na yaliyomo. Tofauti ya wale wanne na wale watatu ndiyo tofauti ninayoiona kati ya aina mbili za wasomaji: anayeuliza kama kila neno ni kweli, na anayeuliza msomaji ataondoka na nini kichwani.

Kanda ya Oktoba

Mkanganyiko ulizidishwa na kalenda. Tarehe 30 Agosti 2016 wapiga kura wa Florida walikuwa wamepitisha pendekezo jingine la sola, lililowekwa na bunge la jimbo, la kuondoa kodi fulani za mali kwa vifaa vya sola. Lilipata zaidi ya asilimia 70, na wapenda sola waliliunga mkono kwa dhati. Lile lilikuwa namba 4. La Novemba likawa namba 1. Mtu aliyejitahidi kufuatilia mambo alijikuta akiambiwa na watu walewale kwamba sola ya nne, iliyotangulia, ni ya ndiyo, na sola ya kwanza, iliyofuata, ni ya hapana. Mwanafunzi wangu hakuwa na upungufu wa akili alipouliza kama hili ni mwendelezo wa lile.

Kisha, mnamo Oktoba, gazeti la Miami Herald likachapisha habari ya sauti iliyorekodiwa katika mkutano mmoja. Hiyo ndiyo habari niliyotumiwa. Aliyesikika ni afisa wa James Madison Institute, taasisi ya sera ya Florida, akiwaeleza wasikilizaji wake kwamba sola inapendwa sana na watu, na kwamba njia iliyotumika ilikuwa kuichukua lugha ya kuitetea sola na kuitumia kupata kinga ambazo upande wao ulizitaka. Aliufananisha ufundi huo na jujitsu, ule mchezo wa Kijapani wa kumwangusha mtu kwa nguvu zake mwenyewe. Kampeni ya pendekezo ilikana kuiajiri taasisi hiyo, nayo taasisi ikasema afisa wake alikosea katika usemi wake. Msomaji na apime. Mimi kilichonichoma ni ule mfano wa mieleka, kwa sababu ulinieleza mimi. Sikuangushwa kwa udhaifu wangu. Niliangushwa kwa kupenda kwangu jua na kwa mazoea yangu ya kuliheshimu neno haki.

Kura ilipigwa tarehe 8 Novemba. Waliosema ndiyo walikuwa zaidi ya milioni 4.5, na waliosema hapana takriban milioni 4.4. Ndiyo ilipata asilimia 50.8. Hata hivyo pendekezo lilianguka, kwa kuwa katiba ya Florida inadai asilimia 60. Kanuni hiyo ya asilimia 60 iliingizwa kwa kura ya mwaka 2006, nayo yenyewe ilipita kwa chini ya asilimia 58, kwa vile wakati huo wingi wa kawaida ulitosha.

Wapinzani walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini tusijidanganye kwamba umma ulilitegua fumbo. Zaidi ya nusu walisema ndiyo, mmoja wao kwa ushauri wangu. Kilichowazuia ni hesabu iliyowekwa miaka 10 kabla, kwa sababu nyingine kabisa.

Yaliyofuata yanafaa kutajwa kwa ufupi. Mwaka 2018 tume ya jimbo iliikubalia kampuni ya Sunrun kuwakodisha watu vifaa vya sola kwa mikataba ya miaka 20 bila kuhesabiwa kuwa mtoaji wa huduma ya umma. Kukodi kukawezekana bila marekebisho yoyote ya katiba. Mwaka 2022 bunge la Florida lilipitisha mswada wa kupunguza hatua kwa hatua faida ya ile mita ya pande mbili, na Gavana Ron DeSantis akaukataa kwa kura yake ya turufu. Safari hiyo jambo lilijadiliwa kwa jina lake: fedha ngapi, kwa nani, hadi lini. Waliolitaka na waliolipinga walijulikana. Sikuona fumbo humo, nikaona ubishi, na ubishi ni kitu cha heshima.

Nafsineni

Baada ya matokeo nilimwandikia mwanafunzi wangu kumwomba radhi. Nilimweleza yote niliyoyaona, kitenzi kwa kitenzi, kana kwamba nasahihisha karatasi yangu mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Alinijibu jioni ya siku ya pili.

"Usijali, Mwalimu, halikupita. Lakini nimekumbuka kitu. Kila shairi ulilotupa, kabla hatujagusa ubeti wa kwanza, ulitulazimisha kuandika ubaoni: nafsineni ni nani, nafsinenewa ni nani. Tulikuwa tunachoka. Kwenye karatasi ile sikuuliza, kwa sababu halikuwa shairi."

Nami sikuuliza, kwa sababu iyohiyo. Miaka yote niliitenga stadi ile na ushairi, kana kwamba ni chombo cha kabatini kinachotolewa siku ya wageni, kisha nikawatuma vijana ulimwenguni wakasaini mikataba, wakajaza fomu za mikopo na kupiga kura bila chombo hicho mkononi. Darasa sina tena. Ningekuwa nalo, ningewapa andiko lile la maneno 75 pamoja na utenzi wowote ulio kwenye silabasi, siku moja, na maswali yaleyale kwa yote mawili: nani anasema, anamwambia nani, na ni kitenzi kipi ambacho hakikutamkwa.